Kilemba Nilichokuvika

Mpendwa Kitinda,

Pokea salamu za dada yako, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Natumaini zitakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto wangu wote wawili, na kwamba kikohozi cha yule mdogo kimeondoka bila kuaga. Sisi huku hatujambo. Mama anaendelea vizuri isipokuwa magoti, na mwenyewe anasema magoti yake si habari, ni hali ya hewa, tusiyaandike tena kwenye barua. Ana afya ya kutosha kugombana na jirani kuhusu kamba ya kuanikia nguo, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Barua yako ilinifikia ofisini. Sikuisomea mezani. Nilitoka nayo hadi kwenye ngazi za nyuma, pale wachapaji wanapokwenda kuvuta sigara, nikaketi juu ya bunda la magazeti ya zamani. Umeanza kwa kunishukuru. Umesema maneno niliyoandika gazetini juu ya kitabu chako umeyakata na kuyabandika kwenye mlango wa kabati la vyombo, na kwamba shemeji huwasomea wageni kabla hawajakaa vizuri. Halafu ukaendelea, kwa ule mwandiko wako wa ualimu usiopinda hata ukilia, kwamba duka la vitabu la huko kwenu limerudisha katoni karibu kama ilivyokwenda, na sasa watoto wanaikalia wakifunga viatu. Ukahitimisha kihesabu, kama kawaida yako. Ikiwa gazeti kubwa limekisifu kitabu kiasi hicho na bado watu hawakitaki, basi kosa haliko kwa watu wala kwa gazeti, liko kwenye kitabu. Kwa hiyo umeamua kuweka kalamu chini, urudi kwenye hesabu zako ambazo hazihitaji kupendwa na mtu, na mswada wa pili ulioufikisha nusu utawapa watoto wachoree upande wa nyuma.

Nakuomba usiwape bado. Nisome mpaka mwisho, kisha uamue. Ukiamua kuwapa, mimi sitakuwa na la kusema.

Kazi yangu unaijua kwa juu juu tu. Kila wiki mhariri wetu, ambaye tunamwita Mkasi kwa sababu hajawahi kukutana na aya asiyotaka kuipunguza, huja na mfuko wa vitabu na kuumwaga mezani kwangu kama anamwaga viazi. Mimi huchagua kimoja na kukiandikia ukurasa wa Jumamosi. Na katika miaka yangu yote pale nimewahi kuandika mara moja tu kwamba kitabu hakifai. Nilikuwa mgeni, nilikuwa na meno makali, nikamwambia mwandishi mmoja kwamba amepoteza karatasi. Jumatatu yake mama mkwe wa yule mwandishi alikuja mpaka mapokezi. Hakutukana wala hakuuliza jina langu. Alikaa asubuhi nzima akilia polepole, mlinzi akamletea chai, akainywa, akaendelea kulia, kisha akaenda zake. Tangu siku hiyo meno yangu niliyaweka kwenye glasi.

Tena sisi tunaoandika na kusoma ni wachache, mdogo wangu. Mtu niliyemkosoa Jumamosi nitamkuta msibani Jumapili, tumepangwa benchi moja. Ndipo nikajifunza kutia sukari. Nina maneno yangu nimeyapanga kama sahani za wageni: hazina, kalamu iliyokomaa, kitabu ambacho msomaji hatakiweka chini. Riwaya ya mapenzi ilikuwa hazina. Mwongozo wa kufuga kuku ulikuwa hazina. Mwaka jana kijitabu cha kufundisha namna ya kupaka chokaa ukutani nilikipa kalamu iliyokomaa, na mwandishi wake alinipigia simu kwa sauti ya mtu aliyepona. Ofisini wananiita Bi Asali, na kwa muda mrefu nilidhani wananipenda.

Jambo hili tumelibishania sana pale kazini, kama wahakiki tumezidisha sifa au la. Mkasi husema fasihi yetu ni mtoto anayejifunza kutembea, na mtoto akianguka humpigi, unamwambia amekaa vizuri. Yule mama msahihishaji, anayekaa dirishani na kuzungumza kwa nadra, alimjibu siku moja kwamba mtoto huyo sasa ana ndevu na bado tunampigia makofi akivaa viatu. Mimi nilimuunga mkono Mkasi. Nilisema maneno mazuri hayajamuua mtu. Nilisema hivyo nikiwa nimesimama, nikiwa nimeshika kikombe, kwa kujiamini kabisa.

Aliyenifungua macho ni muuza vitabu wa kwenye kona ya mtaa wa mahakama, yule mwembamba ambaye huzungumza huku akifuta majalada kwa kitambaa asikutazame usoni. Nilikwenda kununua wino akaniomba radhi kabla ya kusema lolote, nikajua limekuja. Akasema wateja wake huja na gazeti letu kwapani. Pale niliposema hazina, wanapita. Niliposema hazina na kalamu iliyokomaa kwa pamoja, hata kukigusa hawakigusi. Akanikumbusha kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwamba watu wakiniona mimi kila Jumamosi natembeza kitu, basi wanajua la kufanya.

Kisha akanieleza la kushangaza zaidi. Kitabu kimoja kinachomhusu karani wa reli, nilichokihakiki siku ninaumwa jino, ndicho kilichokwisha dukani kwake kuliko vyote. Siku ile sikuwa na nguvu ya kutafuta sukari. Niliandika kwamba yule karani ni mpumbavu anayestahili kofi, kwamba sura ya tatu ilinifanya nikitupe kitabu chini ya kitanda, kisha nikapiga magoti kukitafuta. Watu walikuja mbio wamwone mpumbavu huyo. Muuza vitabu akanisihi, bado akifuta jalada lile lile, kwamba nikikipenda kitabu kwa kweli, tafadhali nigombane nacho.

Nilicheka. Nilirudi nyumbani nikamsimulia mama, naye akacheka mpaka akashika mbavu. Lakini shika hapa, Kitinda: haya niliambiwa kabla kitabu chako hakijafika mezani kwangu.

Kilifika kama viazi vingine. Kilianguka kifudifudi, nikaona picha yako nyuma, umevaa ile blauzi ya buluu niliyokupa mimi. Hukuniambia. Ulikuwa ukisema tu kwamba unaandika vijihadithi vya kupumzisha kichwa baada ya kusahihisha mitihani, nami nilikuwa nakuitikia kama mtu anavyomwitikia anayefuma vitambaa vya kochi. Kwenye jalada umetumia jina la shemeji, kwa hiyo Mkasi hakujua wewe ni nani kwangu, nami sikumwambia. Nilikigeuza nikaona kinahusu nini. Kinahusu mama, na nyumba yetu, na wapangaji.

Unajua, na ukoo mzima unajua, kwamba kitabu hicho nilikuwa nakiandika mimi. Tangu nilipomaliza masomo nimekuwa nikikiandika. Jina lake ninalo. Ukurasa wa shukrani ninao, na hata watu ambao sitawashukuru nimeshawachagua. Sentensi ya kwanza nimeibadilisha mara nyingi kiasi kwamba nikiiona siijui tena. Kitu ambacho sina ni kitabu. Na wewe, mwalimu wa hesabu, mtu ambaye shuleni insha zako nilikuandikia mimi, umekwenda kimya kimya ukafungua mlango ule na kuingia ndani, ukaketi, ukamwandika mama.

Nilikwenda nacho kwenye chumba cha chai, nikafunga mlango. Nitakwambia nilichokuwa nakiomba, maana sasa sina cha kuficha. Nilikuwa naomba kiwe kibaya. Si kibaya sana. Kibaya cha wastani, cha kuniwezesha kukuhurumia. Kurasa za mwanzo zilinipa matumaini, kwa sababu umeingiza wapangaji wote kwa pamoja kama wanakimbia mvua, na fundi cherehani anaongea mno. Nikajisemea, maskini mdogo wangu, na nikajisikia vizuri, nikamimina chai.

Halafu nikafika pale mpangaji wa chumba cha uani anapohama. Mama anaingia kwenye chumba kitupu na ufagio mkononi, lakini hafagii. Anakaa sakafuni, mgongo ukutani, kwa muda, kisha ndipo anainuka na kuanza kazi. Kitinda, mimi niliiona hali ile kila chumba kilipohamwa, utoto wangu wote. Nilisimama mlangoni nikamwona kwa macho haya. Nilidhani amechoka. Wewe, uliyekuwa mdogo, uliyekuwa ukivutwa mkono upite, umeandika kwamba alikuwa anakaa ili chumba kimzoee tena, kijue ni cha nani, kabla hajakipa mtu mwingine. Nikakitupa kitabu sakafuni. Chai ikamwagika. Roho iliniuma kama mtu aliyeibiwa, na kilichonitesa zaidi ni kwamba hukuniibia kitu. Nilikuwa nimekipita mwenyewe.

Wivu wangu kwako si wa jana, unajua. Ulipozaliwa nilihamishwa kutoka kitanda cha mama. Wageni walikuwa wakisema una mikono ya mama, kisha wananitazama mimi na kutafuta cha kusema, na mwishowe wanasema nina paji la uso la baba, kana kwamba kuna mtu amewahi kupendwa kwa paji la uso. Lakini nilikuwa na neno moja la kujifariji nalo: kwamba wewe una mikono, mimi nina maneno. Siku ile kwenye chumba cha chai nikaona hata hayo umeyachukua, na umeyachukua bila kujua, ukiwa unapumzisha kichwa.

Mkasi alinikuta napangusa chai akaniambia kama nimechoka, kitabu hicho ampe yule mama msahihishaji akiandikie yeye. Nilikataa upesi mno. Msahihishaji angekisema kwa haki.

Sasa nifike pale ninapopakwepa tangu mwanzo wa barua hii. Niliketi mezani nikafikiri vizuri, sikuwa na hasira tena, nilikuwa nimetulia kama fundi. Nilijua nikikichukia waziwazi watu watakinunua waone. Nilijua nikikipenda kwa haki, nikagombana nacho pale kinapostahili, watakinunua pia. Kwa hiyo nilikisifu. Nilitoa sahani zote kabatini. Niliandika hazina, niliandika kalamu iliyokomaa, niliandika kwamba msomaji hatakiweka chini, mimi niliyekuwa nimekiweka chini kwa kukirusha. Chumba kitupu sikukitaja. Mama sikumtaja. Sikutaja kitu hata kimoja ambacho mtu asiyekisoma kitabu asingeweza kukiandika, na nilifanya hivyo makusudi, mstari kwa mstari. Nilikuvika kilemba cha ukoka mbele ya nchi nzima, na wewe ukakibandika kwenye kabati la vyombo.

Husemwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Safari hii mgema hana kosa. Tembo lilikuwa safi, na aliyelitia maji ni msifiaji. Katoni wanayoikalia watoto imerudi kwa sababu yangu, Kitinda. Hesabu yako ilikuwa sahihi kila hatua, ila hukupewa namba moja, na namba hiyo nilikuwa nayo mimi.

Sikukusudia kukwambia kamwe. Aliyeniharibia ni mama. Jumamosi ile jirani alimsomea ukurasa wangu barazani, na mama akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akauliza kama ni kile cha kuku. Aliambiwa ni cha binti yake mdogo. Baadaye aliniita akasema kwamba katika miaka yote ya kupangisha vyumba alijifunza jambo moja: mpangaji anayekisifu sana chumba hajakiangalia, na wala haji kukaa. Anayekuja kukaa hulalamika kwamba dirisha halifungi. Akaniuliza kama nimekisoma kitabu chako. Nikasema nimekisoma. Akasema basi msomee.

Nilimsomea alasiri za wiki hiyo, moja baada ya nyingine, nikirudi kazini. Alicheka kwa yule mpangaji wako mpiga tarumbeta. Alikukatalia kuhusu rangi ya lango. Tulipofika kwenye chumba kitupu akawa anakunja na kukunjua ncha ya khanga, kisha akauliza ni nani aliyemwambia mtoto yule. Sikuweza kuendelea kusoma. Mama hakunibembeleza. Alisema, tena akicheka kidogo, kwamba ulipokuwa mchanga nilikuwa na tabia ya kukufinya chini ya shuka, na wageni wakiingia nakubusu. Wageni walikuwa wakisema dada huyu anampenda mdogo wake. Yeye alikuwa akikufunua na kuona alama.

Barua yako ilipokuja ikinishukuru, nikazisikia zile alama kwa vidole vyangu.

Siku ile ile nilikwenda kwa Mkasi nikamweleza yote, hadi undugu wetu. Alipandisha miwani kwenye paji la uso. Alisema mhakiki anayemwandika ndugu yake bila kusema anastahili kufukuzwa, na kwamba angenifukuza kama kungekuwa na mtu mwingine wa kubeba viazi. Msahihishaji, pale dirishani, hakugeuka, ila alisema ukurasa wa Jumamosi hii bado uko wazi. Mkasi akaniachia wote, na kwa mara ya kwanza hakukata hata neno.

Kwa hiyo Jumamosi utalipata gazeti, na nataka ujiandae. Nimeandika kwamba wewe ni mdogo wangu wa tumbo moja, na kwamba yale ya mwanzo wasomaji wayahesabu kama hayakuandikwa. Nimeandika kwamba fundi cherehani wako anaongea mpaka nilitamani ameze sindano. Nimeandika kwamba mpiga tarumbeta anatoweka bila sababu, na kwamba mwisho umeukimbilia kama mtu aliyesikia chungu kinafurika jikoni. Nimeandika kwamba mama yetu si mwema kiasi hicho, kwamba alikuwa akiwasengenya wapangaji wake kwa ufundi mkubwa na kwamba wewe umemtakasa kwa woga. Na nimeandika chumba kitupu, kirefu, kama nilivyokuandikia hapa, pamoja na chai iliyomwagika.

Hutafurahi. Shemeji atasema dada yako ana roho mbaya, na hatakuwa amekosea. Muuza vitabu nilimwonyesha jana kabla ya kuchapwa, na kwa mara ya kwanza aliacha kufuta jalada. Ameagiza katoni. Kama inatosha kukurudishia ulichopoteza, sijui, na msamaha wako siuombi leo, maana hata huo ningeuomba kwa maneno matamu na wewe sasa unajua maneno yangu matamu ni ya nini.

Jambo moja tu nataka ulijue kutoka kwangu, wala si kutoka gazetini. Nimesoma vitabu vya watu miaka hii yote, nimevisifu karibu vyote, na sikuwahi kukionea wivu hata kimoja. Chako nilikionea wivu hadi nikataka kukizika. Sifa nyingine ya kweli sina, Kitinda, na hii ni mbaya, ila ni yako peke yako.

Nisalimie shemeji, hata akikataa salamu. Wabusu watoto, na uwanyang'anye hizo karatasi kama umeshawapa. Jirani anakusalimu, na ugomvi wa kamba umefika kwa mjumbe. Mama anakusalimu sana. Anasema anasubiri cha pili, na humo umtie ubaya kidogo, ili watu wamwamini.

Ni mimi,
dada yako.